Alichokiona Mwosha

Mpaka leo nikikutana na mtu anayenipongeza kwa kuikataa ile tuzo, moyo unanichafuka. Wapo wanaonisimamisha sokoni Darajani na kapu langu la samaki mkononi, wakanishika bega na kuniambia kwamba nimewakomesha. Wengine, watu wazima wenye shahada zao, wamenialika kwenye vikao niwaeleze vijana namna mwandishi wa Kiafrika anavyosimama kidete mbele ya mataifa. Mialiko hiyo nayo naikataa, na kila nikikataa nazidishiwa sifa. Sikuikataa tuzo kwa ajili ya Afrika. Niliikataa kwa ajili ya maiti mmoja, na nilikuwa nimeshachelewa.

Mimi ni mwosha. Nilisomesha skuli mpaka nikastaafu, na nimeandika vitabu vinne, lakini mtaani kwetu Mpendae sijulikani kwa hayo. Najulikana kwa sababu akifa mwanamke, mtu hutumwa kunigongea mlango. Kazi hii nilifunzwa na shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini. Alinianzisha nikiwa na miaka ishirini na kitu, kwanza kuteka maji tu, kisha kushika kanga wanayoizungushia kitanda, halafu kumimina, na baada ya muda mrefu sana ndipo aliponivalisha kitambaa mkononi akaniambia nipitishe mkono chini ya nguo. Maiti hafunuliwi mwili mzima. Unamwosha akiwa amefunikwa, na mkono wako ndio unaoona. Maji ya mwanzo yana majani ya mkunazi, ya mwisho yana kafuri.

Shangazi hakuwa mtu wa kuhubiri. Sharti lake lilikuwa moja, na alilitaja mara moja tu, siku ile ya kitambaa.

"Humu utaona mambo," alisema. "Utaona makovu, utaona vilema, utaona ambayo mume hajapata kuyaona. Ukitoka, hujaona kitu. Hata mimi mwenyewe usinambie."

Nikadhani anatilia mkazo tu. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa na maana hiyo hasa. Tuliosha pamoja miaka na miaka, tukatoka nyumba za watu mikono ikinuka kafuri, na njiani tulizungumza bei ya dagaa.

Katika wanawake tuliowaosha alikuwamo mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akiuza mkate wa kumimina. Kila asubuhi alikuwa kibarazani kwake na sufuria yake, na mimi nilikuwa mteja wake tangu nihamie Mpendae. Alikuwa mtu wa heshima, mcheshi, mkali kwa watoto wake watatu, wote wanawake. Alipofariki, mabinti walikuwa hawajiwezi kwa kilio, shangazi akasema wasiingie. Tukawa ndani mimi na yeye, na wa kuteka maji nje ya pazia.

Nilikiona kitu mwilini mwake. Sitakisema hapa, na anayesoma kwa tamaa ya kukijua aweke chini akasome mengine. Itoshe kwamba alikificha maisha yake yote, kwamba wanawe hawakukijua, na kwamba mtu akikijua atauliza mara moja nani alimfanyia vile, na jibu lake halitoki mbali na nyumba ile. Shangazi alikiona pia. Mkono wake ulisita, ukaendelea. Tulipotoka, binti mkubwa alikuwa mlangoni, macho yamevimba, akauliza kama mambo yamekwenda vizuri.

"Mama yenu amekwenda safi," shangazi alimwambia, na yule binti akashusha pumzi.

Miaka miwili baadaye shangazi naye akafariki. Nikabaki mtu pekee duniani mwenye habari ile, mimi na aliyeifanya, kama yu hai. Miaka ikapita, ndipo nikaandika kitabu changu cha nne, juu ya mwanamke mwosha maiti. Najua nilipokitoa, sijitii hamnazo. Lakini kwa Kiswahili nilikuwa na haya. Pale nilipofika kwa maiti yule niliandika sentensi moja tu, kwamba mwosha aliona, akafunika. Sikumpa kazi, sikumpa mtaa. Waliosoma hapa kwetu, nao walikuwa wachache, walipita hapo bila kusimama, maana kila aliyekulia kwetu anajua kwamba mwosha huona na hufunika.

Kisha akaja mfasiri, mgeni kutoka nje, kukitia kitabu katika lugha ya kwao. Alikuwa mwanamke wa makamo, Kiswahili chake fasaha, adabu zake hazina kasoro; alinipa shikamoo kila tulipokutana. Alikuwa amefikia hoteli moja ya Shangani, na kwa wiki mbili nilikuwa nakwenda huko, tunakaa juu darini kwenye mgahawa, tunapitia kitabu ukurasa kwa ukurasa. Niseme kweli, nilipenda. Nilipenda kahawa inayoletwa kwenye sinia na keki ambayo sikuilipia. Nilipenda zaidi jinsi alivyokuwa akiandika kila ninachosema, kwani maishani mwangu sikuwahi kuandikwa, isipokuwa na wanafunzi, na wao walikuwa wakikosea.

Siku ya nne au ya tano tulifika kwenye ile sentensi.

"Aliona nini?" aliuliza.

Nikamwambia haisemwi. Akasema anaelewa, anaheshimu, ila wasomaji wa kwao hawatafahamu. Wao wakiambiwa kwamba mtu ameona kitu wanataka kukijua, la sivyo watahisi mwandishi amewafungia mlango. Akasema mwandishi mwenye kipaji kama changu hapaswi kuogopa. Kilemba cha ukoka hicho, nikakivaa na kukikaza. Nikamwambia. Na nilipoanza sikujua kunyamaza. Nilimwambia kilichokuwa mwilini, mahali kilipokuwa, jinsi mkono wa shangazi ulivyosita. Akaniuliza huyo mama alikuwa mtu wa namna gani, ili ampe uhai. Nikampa na sufuria ya mkate wa kumimina, na kibaraza, na mabinti watatu. Alikuwa akiandika, na mimi nikawa natazama kalamu yake inavyokwenda na nikiona raha.

Sentensi moja ikawa kurasa sita. Nililetewa nizipitie kabla ya kuchapwa, nikazipitia, nikasahihisha jina la majani, nikatia saini. Hilo simtupii mfasiri. Yeye aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

Habari ya tuzo ilikuja kwa barua pepe, asubuhi, nikichambua mchicha. Ni tuzo kubwa, inatajwa kwenye redio za dunia. Barua ilieleza kwamba waamuzi walivutiwa hasa na zile kurasa sita, kwamba humo nimeufunua mwili wa mwanamke wa Kiislamu kwa ujasiri ambao hawajapata kuuona. Nilisoma neno hilo la kufunua nikakunja uso kidogo, nikapita. Nilikuwa na furaha. Nilipiga simu kwa watu ambao sikusema nao miaka. Kufika adhuhuri vikundi vya simu vya mtaa vilikuwa vimejaa hongera, na mkubwa mmoja wa ofisi ya serikali ambaye hakuwahi kununua kitabu changu hata kimoja alinitumia ujumbe kwamba nimeipandisha bendera.

Yaliyofuata yalikuwa mambo ya maandalizi, na huko ndiko nilikoanza kuchefuka. Walisema kwamba usiku wa sherehe mchezaji wa tamthilia atazisoma kurasa sita jukwaani, penye kitanda, maji na nguo nyeupe. Waliniuliza kama naweza kuja na kafuri na udi, ili wageni waliokaa mezani wapate kunusa. Mezani, maana kutakuwa na chakula. Niliisoma barua hiyo mara mbili nikidhani nimekosea lugha yao. Kisha, na hapa ndipo ninapojichukia, nikajibu kwamba nitajitahidi.

Kabla ya safari wakamtuma mpiga picha. Alitaka picha inayohusiana na kitabu, nikaambiwa nije na vifaa. Nikaenda Darajani kununua bafta ya sanda. Muuza nguo ananijua. Akinikatia bafta haniulizi maswali mengi. Aliukunja mzigo, akaninyooshea.

"Poleni," akasema. "Mungu awape subira."

"Tushapoa," nikamjibu.

Hakuna aliyekufa. Nilipokea rambirambi za mtu kwa ajili ya picha, nikaweka bafta kwenye kapu, nikaenda zangu Mji Mkongwe.

Hoteli ilikuwa moja ya zile nyumba kubwa za kale, zilizokuwa na watu na leo zina wageni. Uani walikuwa wameshatoa meza, wameweka benchi refu la mbao chini ya mwanga. Meneja, kijana mwenye fulana iliyopigwa pasi, alikuwa mkalimani wa mpiga picha, maana lugha yao naisoma kuliko ninavyoisikia. Nikapigwa picha nikiwa nimeshika kata ya maji. Nikapigwa nikivunja kafuri kwenye bakuli. Nikaambiwa nisitabasamu, na mimi sikuwa natabasamu. Nikaambiwa nitandaze bafta juu ya benchi, nikaitandaza. Mpiga picha akatazama kwenye mashine yake, hakuridhika, akasema na meneja, na meneja akaniambia kwamba benchi linaonekana tupu.

Pembeni ya ua alikuwepo mfanyakazi wa usafi, mama mtu mzima wa umri wangu, na mwendo wake na matamshi yake vilinionyesha kwamba ni mtu wa kisiwani Tumbatu. Alikuwa akipangusa viti. Meneja akamwita.

"Naam," akaitika, akaja na kitambaa chake.

"Hebu lala hapo kidogo tukufunike. Dakika tano tu, wakupige picha. Uso hautaonekana."

Yule mama alilitazama benchi. Akaitazama bafta, akainusa kafuri. Kisha akanitazama mimi, si meneja, na nikaona kwamba ameshajua vitu vile ni vya kazi gani na nani amevileta.

"Mie sijilazi nikajifanya maiti," akasema. "Na wewe, bibi, mtu mzima mwenzangu, siku yako ukitandikiwa hii kweli, utataka watu wasimame hivi wakikutazama?"

Meneja akamwambia asilete maneno, akamtajia kazi yake. Yeye akasema kazi yake ni kufagia na kupangusa, hilo jengine hakuajiriwa. Akarudi kwenye viti vyake. Hakupandisha sauti. Mpiga picha akauliza kuna nini, meneja akacheka akamwambia mambo ya ushirikina. Nilikuwa nimesimama pale na kata mkononi mfano wa mchuuzi anayengoja mteja, na mwanamke aliyeijua hadhi ya maiti alikuwa yule mwenye kitambaa cha vumbi. Mimi, mwanafunzi wa shangazi yangu, nilikuwa nimeshakubali yote mpaka hapo.

Nikaikunja bafta. Meneja akasema bado hatujamaliza. Nikamwambia mimi nimemaliza.

Nyumbani nikazitoa zile kurasa sita nikazisoma kwa mara ya kwanza kama atakavyozisoma mtu wa mtaani. Palikuwa na sufuria. Palikuwa na kibaraza, na mabinti watatu, na mkubwa wao mlangoni macho yamevimba. Mpendae nzima hapakuwa na mwanamke mwengine wa sifa hizo. Hata kama ningemwandika jina lake nisingemwonyesha zaidi.

Nikaandika barua ya mistari miwili. Nashukuru, siwezi kuipokea. Na nikamwandikia mchapishaji wa huko kumwomba aziondoe zile kurasa. Mchapishaji alijibu kwa upole mwingi kwamba kitabu kimeshatoka, mkataba una saini yangu, na kwamba kurasa hizo ndizo moyo wa kitabu. Watu wa tuzo nao walikuwa wapole. Walinisihi. Halafu walipoona sibadiliki wakaniomba niwape sababu ya kuitangaza. Sikuwapa. Ningewapa vipi? Kusema nimefichua siri ya maiti wa mtaani kwetu ni kuwaambia walimwengu waende kuitafuta.

Hapo ndipo nilipoona uchafu wenyewe. Kwa kuwa sikutoa sababu, kila mtu alitoa yake. Ilisemwa nimekataa kwa kupinga ukoloni. Ilisemwa nimekataa kwa sababu Kiswahili kimedharauliwa. Mmoja alieleza kwa urefu kwamba fedha zile asili yake ni mashamba ya watumwa, jambo ambalo sikulijua na sidhani kama yeye alilijua. Walionitukana hawakuniudhi sana. Hao walisema nimejidai, nimeringa, nimepiga teke riziki. Walioniudhi ni wale wa kidete. Kuna mzee msomi alinijia nyumbani, akaketi, akaniambia kwamba nimefanya lile ambalo kizazi chake kilishindwa. Nilimtilia chai, nikamtazama anavyokunywa, na nilitamani kumwambia nyamaza.

Na kitabu kikapata watu. Mwandishi aliyeshinda hutajwa siku mbili, lakini mwandishi aliyekataa anatafutwa. Mchapishaji alikitoa upya, mara hii kukiwa na maneno mekundu juu ya jalada yanayosema kwamba hiki ndicho kitabu kilichokataa tuzo. Niliona picha ya jalada hilo kwenye simu, nikaiweka simu kifudifudi. Laiti ningepokea, nikashukuru, nikarudi nyumbani kimya, pengine watu wetu wasingejua kilichomo. Nilitaka kufunika, nikafunua mara ya pili, na mara hii kwa kishindo.

Sijui ni nani aliyezirudisha zile kurasa kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kibovu, kimefasiriwa na mashine. Zilianza kuzunguka kwenye vikundi vya simu, zikapita Michenzani, zikafika Mpendae, katika kikundi kile kile cha mtaa kilichonipa hongera. Chini yake hakuna aliyeandika chochote. Kimya kile nilikifahamu. Watu walikuwa wamemjua.

Binti mkubwa alikuja kwangu siku ya tatu, baada ya alasiri. Sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, na mkate wa mama yake hakuna tena anayeuuza. Miaka yote akiniona alinipa shikamoo akiwa mbali, kabla sijamwona. Siku hiyo aliingia, akavua viatu, akakaa ncha ya kiti, asinipe shikamoo. Nikamkaribisha chai, akasema ameshakunywa.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimetayarisha mpaka uongo, kwamba ni hadithi tu, mambo ya kutunga, mama yake hayumo. Nilifungua kinywa na yeye akainua mkono.

"Sikuja kukuuliza kama ni kweli," alisema. "Ukisema si kweli sitokuamini, na ukisema ni kweli, ndo' utakuwa ushasema tena. Sitaki kusikia."

Nikakirudisha kikombe kwenye sinia.

"Siku ile nilikuwa mlangoni. Bi mkubwa alinambia mama kenda safi, na mimi nkalala na neno hilo miaka yote. Sasa kila nkifumba macho naona mkono wako."

Alizirekebisha ncha za ushungi wake. Hakulia. Mimi nilikuwa natamani alie, ili nipate la kufanya.

"Nimekuja kukuarifu, kwa sababu si vizuri usikie kwa watu. Mimi na ndugu zangu tushaandika wasia. Akifa mmoja wetu, wewe usiingie ndani. Msibani uje, kula uje. Ndani usiingie."

"Nimesikia," nilisema.

"Haya," akasema, akasimama, akavaa viatu vyake. Nilimsindikiza mpaka mlangoni na hakunizuia, wala hakugeuka.

Nilidhani hayo ni yao watatu. Mwezi uliofuata akafariki jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, bibi kizee ambaye watu wake niliwaosha wawili. Sikugongewa mlango, nikasema pengine wameona nitasikia mwenyewe, na nikaenda na kitambaa changu mkobani. Ukumbini nilikuta wanawake wamekaa mikekani. Wakanipisha, wakanipa pole, nikapoa. Pazia la chumba lilikuwa limeshashushwa na nikasikia maji yanamiminwa ndani, kidogo kidogo, na mtu asiyezoea. Alikuwa anamimina vibaya. Niliangalia upande wa pazia, na mwanamke aliyekaa karibu yangu akayafuata macho yangu, kisha akanisogezea ungo wa mchele uliokuwa mbele yake.

"Tusaidie huu, mwalimu," aliniambia kwa upole. "Una mawe."

Nikauweka ungo mapajani, nikaanza kuchambua.